Kuku wa Mwenyekiti

Harufu ilimfikia Mwalimu kabla hajagusa komeo la mlango. Alikuwa amefundisha upishi kwa miaka kumi na saba katika chuo cha hoteli cha serikali, na pua yake ilishazoea kila kitu ambacho jiko linaweza kutoa, kuanzia maziwa yaliyokatika hadi mafuta yaliyoungua. Hii ilimsimamisha. Alimeza mate mara mbili, ndipo akafungua chumba cha baridi.

Makreti manane ya kuku yalikuwa yamepangwa sakafuni. Ngozi zao zilikuwa zinateleza kama sabuni iliyolowa, na chini ya mabawa palikuwa na ukijani. Maji ya rangi ya chai yalichuruzika kutoka kwenye makreti hadi kwenye tundu la kutolea maji, yakatulia pale na povu jembamba juu yake. Alimbonyeza kuku mmoja kifuani kwa kidole. Kidole kilizama, na alipokitoa, shimo lilibaki.

Akatoka nje, akainama juu ya sinki.

"Wameletwa leo asubuhi," alisema mtunza stoo, ambaye alikuwa amesimama mbali kidogo na leso puani. "Usije ukadhani wameharibikia mikononi mwangu, Mwalimu. Wamefika hivyo hivyo."

"Na wewe ukawapokea?"

"Nimeambiwa nipokee. Ni wa Mwenyekiti."

Mwenyekiti wa Bodi ya Chuo alikuwa na mashamba ya kuku nje ya mji na lori lenye picha ya jogoo ubavuni. Tangu sheria mpya ya chuo ipitishwe mwaka uliopita, lori hilo ndilo lililoleta nyama yote, na kila mwezi nyama ilizidi kuwa mbaya. Lakini ilikuwa haijawahi kufikia hapa.

Mwalimu alikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa chuo. Wanafunzi walimwita Marashi, kwa sababu ukipita mahali alipopita nusu saa iliyotangulia, bado utajua kwamba alikuwepo. Kabla ya kuletwa chuoni alikuwa meneja wa kiwanja cha mpira. Sheria ya zamani ilitaka mkuu wa chuo awe amefanya kazi hotelini si chini ya miaka kumi. Ile mpya ilisema tu "mtu yeyote mwenye uzoefu wa uongozi", na uongozi alikuwa nao.

Alimsikiliza huku anasoma simu yake.

"Waosheni kwa siki na ndimu," alisema. "Tangawizi nyingi, kitunguu saumu kingi, mafuta yachemke sana. Mbona mambo madogo haya."

"Mkuu, wale si kuku tena. Ule ni mzoga."

"Chagua maneno, Mwalimu."

"Ndiyo nimechagua. Mimi siwapikii watoto wa watu mzoga."

Marashi aliinua macho kwa mara ya kwanza. "Basi usipike. Una kipindi saa tano, nenda kafundishe. Wapo wengine watakaopika."

Akaenda kufundisha. Hilo ndilo jambo lililomtafuna baadaye kuliko yote: kwamba alikwenda. Alisimama ghorofani mbele ya wanafunzi wa mwaka wa pili, akieleza namna ya kuzuia mchuzi mzito usishike mabonge, huku harufu ya tangawizi ikipanda ngazi kutoka jiko kubwa, na chini ya tangawizi, ukijua pa kunusa, ile nyingine. Alijiambia hawatathubutu. Aliposhuka saa saba, bwalo lilikuwa limeshakula. Mifupa ilikuwa kwenye ndoo.

Kufikia alfajiri wanafunzi thelathini na mmoja walikuwa wanapigania zamu ya choo. Kumi na mmoja walipelekwa zahanati, wakatundikiwa dripu. Mwalimu alifika bwenini saa kumi na mbili na nusu, akamkuta mlezi wa wasichana peke yake, kanga imefungwa kiunoni, ndoo mbili mikononi. Akavua viatu vyake vizuri, akavaa ndala, wakaanza kusafisha. Matapishi yalikuwa kwenye mashuka, kwenye korido, kwenye masanduku yaliyo wazi. Binti mmoja wa mwaka wa kwanza, aliyekuwa mdogo wa umbo hata koti la upishi lilimvaa yeye badala ya yeye kulivaa, alimtapikia miguuni.

"Samahani, Mwalimu," alisema, macho yamefumbwa. "Nimekuchafua."

"Nyamaza, mwanangu. Si wewe uliyenichafua."

Saa tatu bwana afya alikuja. Alikuwa mzee mwembamba mwenye mkoba wa ngozi uliopauka, na kwa miaka mingi alikuwa amelikagua jiko la chuo kila baada ya miezi mitatu, akiinama chini ya majiko na tochi yake kama anayetafuta sarafu. Safari hii mlinzi hakumfungulia. Alimwonyesha karatasi iliyowekwa kwenye plastiki. Mwalimu aliwakuta wakiwa bado getini.

"Soma mwenyewe," bwana afya alimwambia. "Mimi nimesoma mara tatu, nadhani ni miwani yangu."

Kilikuwa kifungu cha kumi na nne cha sheria mpya. *Ukaguzi wa majiko, maghala na mabweni ya Chuo utafanywa na Bodi peke yake, au na mtu ambaye Bodi imemruhusu kwa maandishi, na si vinginevyo.*

"Yaani Mwenyekiti ndiye anayemkagua kuku wa Mwenyekiti," alisema Mwalimu.

"Ndivyo Kiswahili kinavyosema." Mzee alifunga mkoba wake. "Gulio la samaki naweza kuingia, machinjio naweza kuingia. Hata jiko la gereza naingia. Hapa mnapofundisha usafi, siwezi."

Kuna kitu kwenye sentensi ile ya sheria kilikuwa kinamkuna Mwalimu. Lile "na si vinginevyo" mwishoni, alikuwa amelisikia likisemwa kwa mdomo, mezani kwake, kwa majivuno.

Mume wake alikuwa fundi cherehani. Alikuwa na mdogo wake mmoja, ambaye alimsomesha kwa kushona sare za shule kuanzia darasa la tano hadi chuo kikuu. Mdogo huyo sasa alikuwa mwandishi wa sheria katika ofisi ya serikali. Wakubwa wanaamua wanachotaka, yeye anakitafutia maneno. Kila Jumapili alikuja kula kwa kaka yake, akakaa kiti kile kile karibu na dirisha, akavua saa na kuiweka pembeni ya sahani.

Jumapili hiyo Mwalimu alipika wali na maharage. Hakukuwa na nyama.

"Leo tumefunga, shemeji?" mdogo mtu aliuliza akicheka.

"Sheria ya chuo chetu uliiandika wewe?"

Akapakua wali bila wasiwasi. "Sehemu kubwa, ndiyo. Mbona?"

"Kifungu cha kumi na nne."

Uso wake ukachangamka, kama mtu anayetajiwa mtoto wake. "Kile ni kizuri. Walitaka maelezo nusu ukurasa, mimi nikakibana kwenye sentensi moja. 'Na si vinginevyo.' Hakuna wakili atakayepenya pale."

"Bwana afya pia hakupenya."

Akamweleza. Alimweleza yote, ukijani chini ya mabawa, shimo la kidole, ndoo, binti aliyeomba msamaha. Mume wake aliweka kijiko chini. Mdogo mtu aliendelea kutafuna, polepole zaidi, kisha akanywa maji.

"Tupo mezani, shemeji."

"Na wao walikuwa mezani."

"Sikiliza. Mimi siamui. Naletewa maagizo, nayaandika. Mimi ni kalamu tu. Unaweza kuikasirikia kalamu?"

"Kalamu haili kwangu kila Jumapili."

"Mama watoto," mumewe alisema kwa sauti ya chini.

"Acha niseme. Shemeji, wewe umeshawahi kuliona hilo jiko uliloliandikia?"

Hakuwa ameliona.

"Basi njoo Jumanne. Lori linakuja Jumanne."

Alikuja kweli, kwa hilo lazima asifiwe. Alikuja na suti ya kijivu na viatu vinavyong'aa, na Marashi alipoona ni mtu wa ofisi ya sheria akamkaribisha kwa mikono miwili, akamwacha atembezwe. Mwalimu alimfungulia tu chumba cha baridi. Makreti mapya yalikuwa yameshaingizwa, na moja lilikuwa limepasuka kona, maji yamesambaa hadi mlangoni. Shemeji yake alipiga hatua mbili ndani, kiatu kikateleza, akashika kreti asianguke. Mkono wake uliingia hadi kifundoni.

Alitapikia kwenye sinki lile lile. Alinawa mara tano, akanusa vidole, akanawa tena.

"Hawa wanaliwa?" aliuliza.

"Mchana huu."

Maji yalikuwa yakimdondoka kwenye mikono ya shati. Kisha akafungua mkoba wake, akatoa kitabu chembamba chenye jalada la buluu, sheria yote, akamwachia juu ya meza. "Isome," alisema. "Sijakwambia kitu. Isome tu." Akaondoka haraka, na kwa wiki kadhaa Mwalimu alimhesabu kuwa mtu.

Aliisoma wakati wa mapumziko, kalamu mkononi, kama alivyozoea kusoma vitabu vya upishi: pole pole, akitafuta mahali ambapo mwandishi amesahau chumvi. Kifungu cha kumi na nne hakikuwa na ufa. Lakini kifungu cha thelathini kilisema Bodi haitaingilia ufundishaji wa somo lolote lililomo kwenye Jedwali la Pili. Akafunua Jedwali la Pili, lililokuwa limenakiliwa bila mabadiliko kutoka sheria ya zamani. Somo la nne, mwaka wa kwanza: *Kupokea, kukagua na kukataa bidhaa. Kwa vitendo.*

Alifunga kitabu, akaenda kwa mtunza stoo kumuuliza lori linafika saa ngapi Ijumaa.

Ijumaa saa mbili kamili asubuhi, wanafunzi arobaini wa mwaka wa kwanza walikuwa wamejipanga mistari kwenye baraza la kupokelea mizigo, makoti meupe yamepigwa pasi, nywele ndani ya kofia. Wengine walikuwa bado na macho ya wagonjwa. Kila watano walikuwa na kipimajoto kimoja na daftari moja. Lori la jogoo liliporudi nyuma hadi barazani, dereva alichungulia dirishani akadhani kuna mgeni rasmi.

"Kuna nini leo?"

"Kuna kipindi," alisema Mwalimu. "Fungua."

Akawafundisha. Kuku mbichi hapokelewi akizidi nyuzi tano. Tazama sakafu ya lori, kuna barafu au kuna maji? Bonyeza kifua. Inua bawa. Nusa karibu na shingo, usione haya, pua ni chombo cha kazi. Yule binti mdogo ndiye aliyechoma kipimajoto kwenye kreti la kwanza, akasubiri, akasoma kwa sauti.

"Nyuzi kumi na tisa, Mwalimu."

"Tunafanyaje?"

"Tunakataa."

"Mwambie dereva. Mwambie kwa adabu."

Binti akamgeukia dereva. "Samahani, kaka, huu mzigo hatuupokei."

Dereva alicheka, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka. Alipiga simu. Marashi alishuka akikimbia, na Mwalimu akamwonyesha Jedwali la Pili, kidole kwenye mstari. Alisoma akapepesa macho. Alikuwa mwoga wa karatasi, na karatasi hii ilikuwa na nembo ya serikali. Lori likaondoka limejaa. Jumanne likarudi, likakataliwa na kundi la pili. Ijumaa nyingine likakataliwa tena. Siku hizo bwalo lilikula maharage, na hakuna aliyelalamika.

Jumanne iliyofuata, Mwenyekiti alikuja mwenyewe, ndani ya gari lililotangulia lori. Alikuwa mtu mzima mnene, mpole wa sauti, anayewaita watu wote "mwanangu". Alipanda barazani akishika reli, akawatazama wanafunzi mmoja mmoja kwa tabasamu.

"Mwalimu, nasikia mnafundisha vizuri siku hizi."

"Tunajitahidi, mzee."

"Kuku wangu wana kosa gani?"

"Karibu uangalie mwenyewe. Wewe ndiye mkaguzi. Sheria imesema."

Mwalimu akavuta kreti la juu hadi ukingoni mwa lori, usawa wa kifua cha Mwenyekiti, akamwinua kuku mmoja kwa mguu. Mguu uling'oka. Kuku akadondoka ndani ya maji yake, na tone moja likaruka likatua kwenye tai ya Mwenyekiti. Wanafunzi arobaini walikuwa wanatazama. Mwenyekiti aligeuza uso upande, haraka, kama mtu aliyepigwa kofi, akatoa kitambaa akaziba pua.

"Basi," alisema kupitia kitambaa. "Basi, nimeona. Rudisheni."

"Utakula huyu, mzee?" Mwalimu aliuliza. Hakupandisha sauti.

Mwenyekiti alishuka ngazi akisugua tai, na alipofika garini aliivua kabisa, akaitupa kwenye pipa la taka la chuo.

Kwa wiki saba kuku walikuja na barafu mgongoni. Macho yao yalikuwa mang'avu, ngozi imekaza. Bwana afya alipita siku moja nje ya uzio, akasimama, akanusa hewa, akampungia mkono. Mwalimu alianza kulala vizuri.

Kisha marekebisho ya sheria yakatoka. Hayakutangazwa redioni, yalikuwa ukurasa mmoja, yamepita alasiri moja pamoja na mambo ya leseni za pikipiki. Marashi mwenyewe ndiye aliyeleta nakala darasani, marashi yakimtangulia, akaiweka mezani na kutoka. Kwenye Jedwali la Pili, somo la nne lilisomeka sasa: *Kupokea na kukagua bidhaa. Kwa nadharia.*

Alilisoma akiwa amesimama. Akameza mate mara mbili, kama siku ile mlangoni mwa chumba cha baridi.

Jumapili, shemeji alikuja kama kawaida. Akavua saa. Akaiweka pembeni ya sahani.

"Ni wewe?" aliuliza Mwalimu.

Hakujifanya haelewi. "Neno moja tu limetolewa, shemeji. Na lingine limebadilishwa. Walikuja na pendekezo la kufuta somo zima. Mimi ndiye niliyeokoa lililobaki. Ulipaswa kunishukuru."

"Uliingiza mkono mle ndani. Hadi hapa." Alimshika kifundo cha mkono, akaonyesha. "Ulitapika kwangu."

"Nilitapika, ndiyo. Halafu Jumatano nikarudi kazini. Ungetaka nifanyeje, niache kazi? Kaka alinisomesha miaka yote ile ili niache kazi kwa ajili ya kuku?"

Mwalimu alimtazama. Alikuwa kijana nadhifu, kucha zimekatwa vizuri, na mkono ule ule aliokuwa ameunawa mara tano sasa ulikuwa umeshika kijiko chake, ukisubiri kupakuliwa. Angekuwa hajui, angemsamehe. Wengi wanaandika wasiyoyajua. Huyu alijua harufu yake, alijua uteute wake kwenye vidole, na alikwenda akatafuta neno moja hasa la kung'oa, kwa ufundi, kama anayetoa mfupa kwenye samaki.

Aliichukua sahani mbele yake. Haikuwa na kitu bado. Akairudisha kabatini.

"Mama watoto, huyu ni mdogo wangu," alisema mumewe.

"Najua ni nani. Mpe mkono, mpe kiti, mpe suti uliyoshona. Chakula changu asile."

"Shemeji, unanifukuza?"

"Kaa. Nani kakufukuza? Ila huli."

Akakaa kama dakika moja hivi, akitazama kitambaa cha meza. Kisha akavaa saa yake na kwenda. Mumewe hakuongea naye hadi Jumatano, na mama mkwe alipiga simu mara mbili kumwuliza tangu lini mwanamke mgeni anagawa ndugu. Alijibu kwa heshima, hakubadilisha neno.

Lori lilirudi kwenye hali yake ya zamani ndani ya mwezi mmoja. Wanafunzi sasa walisimama barazani na madaftari, wakapima, wakaandika "nyuzi ishirini na moja" kama mfano wa nadharia, na mzigo ukaingia. Mwalimu alisimama nao kipindi kimoja tu cha namna hiyo. Aliporudi ofisini aliandika barua ya kuacha kazi, mistari mitatu, akaipeleka kwa Marashi, ambaye aliipokea bila kuficha kwamba ilikuwa siku njema kwake.

Wanafunzi wake hawakukigomea chuo. Walikuwa watoto wa watu wanaohitaji vyeti. Walichofanya ni kuacha kula nyama. Hakuna aliyewapanga. Sufuria la kuku lilipelekwa bwalo likiwa limejaa na likarudi limejaa, siku baada ya siku, na wapishi wakamwaga. Mwenyekiti hakupoteza usingizi kwa hilo. Mzigo wake ulikuwa umeshapokelewa.

Mwalimu alipata kazi kwenye kantini ya kiwanda cha matofali, kuwapikia wafanyakazi mia mbili. Jiko ni dogo, lina joto, dirisha moja halifunguki. Mwezi wake wa kwanza pale bwana afya alikuja na tochi yake, akainama chini ya jiko, akakuta mafuta yaliyoganda, akamwandikia onyo. Mwalimu alilibandika ukutani, akachota maji ya moto, akapiga magoti na kuanza kusugua.

Nyumbani, Jumapili mumewe anakwenda kula kwa mama yake pamoja na mdogo wake. Anaondoka saa sita, anarudi saa kumi, na anapoingia mlangoni huwa hamsimulii walichokula.